Billy Walsh: kocha ndo aliibeba timu au timu ndo ilimbeba?

Sisi tunaokesha kuangalia ngumi tunawajua vizuri Katie Taylor, Claressa Shields, Shakur Stevenson na Keyshawn Davis, mpaka mikanda yao tunaihesabu. Ila ukiuliza hao wanne wanaunganishwa na nani kabla hela haijaingia, wengi watakaa kimya. Wote walipita kwenye timu za taifa zilizokuwa chini ya mzee mmoja, Billy Walsh, mtoto wa mji wa Wexford kule Ireland, na ubishi juu yake mi naupenda kuliko ubishi wa nani mkali kati ya fulani na fulani.

Ulingoni Olimpiki haikumpa kitu. Alienda Seoul 1988 uzito wa welter, pambano la kwanza tu akakutana na Mkorea wa nyumbani, Song Kyung-sup, safari ikaishia hapo. Na hapa Afrika Mashariki tuna la kwetu, maana uzito huohuo mashindano hayohayo dhahabu ilibebwa na Robert Wangila wa Kenya, alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwenye fainali. Yani kwenye ratiba moja kulikuwa na bingwa wa jirani zetu na huyu bwana aliyetolewa mapema. Wangila akaingia ngumi za kulipwa Marekani, akafariki 1994 baada ya pambano Las Vegas, ana miaka 26 tu. Walsh akarudi kwao, akaja kuwa kocha.

Sa ubishi wenyewe uko hivi. Ireland miaka ya 2000 ilikuwa hoi, Sydney 2000 ilipeleka bondia mmoja, Athens 2004 tena mmoja, Andy Lee. 2003 ndo ilianzishwa programu maalum ya mabondia wa taifa, kambi ikawa pale National Stadium Dublin, Walsh akapewa ukocha mkuu. Beijing 2008 wakarudi na medali tatu, Kenny Egan fedha, Paddy Barnes na Darren Sutherland shaba. London 2012 nne, Katie dhahabu, John Joe Nevin fedha, Barnes tena na Michael Conlan shaba. Nchi ya watu wachache vile! Halafu 2015 yeye na chama cha ngumi cha kwao wakavutana miezi kibao kuhusu mkataba, na kumbuka kazi ya mkurugenzi wa programu alikuwa anaifanya muda mrefu bila kupewa cheo chenyewe, mwishoni akachoka, Oktoba akaenda zake Marekani kufundisha timu ya taifa ya kule. Mwaka huohuo AIBA, shirikisho la ngumi za ridhaa la dunia, ilimtaja kocha bora wa dunia. Rio 2016 Ireland ikapata sifuri, Marekani ikapata tatu. Ukisimulia hivyo mtu yeyote atakwambia kesi imeisha, kocha ndo kila kitu.

Ila haijaisha. Kwanza ile programu kichwa chake cha mwanzo alikuwa Gary Keegan, na fundi wa ulingoni, yule wa kukufundisha mguu unakaa wapi na ngumi inatoka vipi, alikuwa Zaur Antia aliyetolewa nchi ya Georgia, siyo ile ya Marekani. Katie alinolewa na baba yake mzazi tangu mdogo, huwezi kuja kumwandikia Walsh dhahabu ile peke yake. Na ile sifuri ya Rio ina mambo mengi ndani, Michael O'Reilly aliondoka kwa dawa zilizokatazwa kabla hajapigana, Conlan ndo yule aliyewanyooshea majaji vidole baada ya kupewa kipigo cha mezani na Mrusi Nikitin, na uchunguzi uliotoka 2021 ulisema wazi kwamba uamuzi wa Rio ulichezewa. Kocha gani angezuia hilo? Halafu Antia akabaki Dublin, na Kellie Harrington akachukua dhahabu Tokyo, akarudia Paris 2024. Kama nyumba ingekuwa imesimama kwa nguzo moja ingeanguka moja kwa moja.

Upande wa Marekani ndo panaponichanganya zaidi. London 2012 wanaume wao walitoka mikono mitupu, haijawahi kutokea. Kwa Walsh, Rio wakapata Shields dhahabu (ambayo tayari alikuwa nayo ya London, tuwe wakweli), Shakur fedha, Nico Hernandez shaba. Wengi mnaikumbuka ile ya Shakur, kapoteza fainali kwa Robeisy Ramirez wa Cuba kwa jaji mmoja, anahojiwa huku analia mpaka sauti haitoki. Tokyo zikawa nne, fedha tatu na shaba moja. Paris ikarudi moja, shaba ya Omari Jones. Na tangu Andre Ward 2004 hakuna mwanaume wa Marekani aliyegusa dhahabu, Walsh pia hajalitibu hilo. Kwa haki yake, kule kila bondia ana kocha wake wa mtaani aliyemlea tangu ana miaka nane, kwa hiyo kocha wa taifa anapokea mtu aliyeshaumbika, anakaa naye kambini Colorado Springs, akishang'aa kidogo tu mapromota wanamchukua. Ukocha wa hivyo ni kusuluhisha kama mjumbe wa nyumba kumi.

Mi naegemea hapa: Walsh hakutengeneza vipaji, alitengeneza sehemu ambapo vipaji vinakutana na fundi kama Antia bila kugombana, na hiyo kazi haionekani mpaka mwenyewe aondoke. Chama kilichomwachia kilifanya ujinga, hata kama Harrington alikuja kuwafuta machozi. Wanaosema angeendelea kuwepo Rio ingekuwa medali nne tena nao wanaota.

Kwetu sijui tunaanzia wapi huu mjadala. Niliwahi kumuona kocha mmoja, aliwahi kuvaa jezi ya taifa, anashika pedi zilizozungushiwa selotepu mpaka huoni rangi yake ya mwanzo, dogo akipiga vumbi linaruka, mazoezi yakiisha mzee anamchangia nauli. Wote wawili wangekuwepo Ireland ya 2003 sijui ingekuwaje. Kenya toka Seoul haijapata tena medali ya ngumi Olimpiki, na Wangila mwaka ule Dublin wanafungua kambi angekuwa ana miaka 35 na kitu, umri mzuri kabisa wa kukaa kona na taulo begani.