Mashahidi walikuwa wawili, mkaua mmoja

Juzi kazini tulikuwa tunapiga stori za tamthilia za zamani, zile za mapepo na wachawi, nami nikaitaja Sleepy Hollow. Nikiitaja tu huwa naanza kulalamika, walionizoea wanajua. Mwenzangu mmoja wala hakuinua macho kwenye simu yake: "Si mwigizaji aliondoka? Wakaweka mwingine. Kazi ndivyo ilivyo."

Wakaweka mwingine. Basi yameisha.

Niseme mapema, sina ugomvi na waigizaji kuondoka. Watu wana mikataba, wana familia, wana mabosi wasiopatana nao. Shannen Doherty aliondoka Charmed, ile ya madada watatu wachawi, mwaka 2001; dada aliyemwigiza, Prue, akauawa, akaletwa Paige na madada wakabaki watatu. Nilinuna, lakini nilitazama. David Duchovny alipopunguza kuonekana kwenye X-Files wakamleta Robert Patrick kama Doggett, na mnaomchukia Doggett mtanisamehe, yule bwana alifanya kazi kubwa kuliko sifa alizopewa. Nina Dobrev alipoaga The Vampire Diaries mwaka 2015 wakamlaza Elena, mhusika wake, usingizi wa kichawi. Kalala tu, hajafa. Kwa hiyo mtu akitaka kumtoa mhusika kwa heshima, njia zipo.

Sasa njooni kwa Abbie Mills.

Mwaka 2013 Fox, kituo cha televisheni cha Marekani, walituletea hadithi ambayo ukiisimulia kwa mdomo unaonekana umechanganyikiwa. Ichabod Crane, mwanajeshi wa George Washington, anamkata mtu kichwa vitani mwaka 1781, wote wawili wanaanguka, na Crane anakuja kuamka zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Aliyekatwa kichwa naye yupo, bila kichwa, juu ya farasi, na bunduki mkononi. Anayelazimika kushughulika na kichaa chote hiki ni Luteni Abbie Mills, polisi wa mji mdogo aliyekuwa anajiandaa kwenda Quantico kujiunga na FBI. Tom Mison ndiye Crane, Nicole Beharie ndiye Abbie. Watu kama milioni kumi walitazama kipindi cha kwanza, na sidhani kama walifuata farasi. Walikaa kwa ajili ya hawa wawili. Kuna pale Crane anagundua kwamba donati imetozwa kodi ya asilimia kumi, anawaka kama vile anataka kuanzisha mapinduzi upya papo hapo. Maneno ni ya Crane, lakini kinachokuchekesha ni uso wa Abbie. Bila ule uso, Crane ni mzungu mmoja anayepiga kelele kuhusu donati.

Halafu wakaleta Ufunuo. Crane na Abbie, tukaambiwa, ndio mashahidi wawili wa sura ya 11. Hapo mimi, niliyelelewa na bibi aliyekuwa anasoma Ufunuo kwa sauti umeme ukikatika, nilikaa sawasawa kwenye kiti. Maana sura ile naijua. Mashahidi wanatoa unabii pamoja siku 1,260. Mnyama anawaua pamoja. Maiti zao zinalala njiani pamoja siku tatu na nusu, wanasimama pamoja, wanapaa pamoja. Hakuna mstari unaosema shahidi mmoja atakuwa mkuu na mwingine atamshikia mkoba. Waandishi waliichukua sura hiyo kwa hiari yao wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Wakatuapia misimu mitatu kwamba hawa ni sawa kwa sawa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria yetu: steringi hafi. Atapigwa, atatobolewa risasi, atatupwa mtoni, lakini hafi. Tulipoambiwa kwamba hapa steringi ni wawili tukaamini. Tarehe 8 Aprili 2016, kipindi cha mwisho cha msimu wa tatu, ndipo tulipojua kumbe muda wote walikuwa na steringi mmoja.

Abbie anajitoa mhanga kwa lile sanduku la Pandora, sanduku la kichawi la adui wa msimu huo. Sawa, mashujaa hujitoa mhanga. Kilichonipandisha hasira ni kuagana. Wanamweka mbele ya Crane, na kwa mdomo wake mwenyewe Abbie anasema kazi yake ilikuwa kumsogeza Crane mbele. Kumsogeza! Huyu ni binti aliyeona pepo msituni akiwa mdogo, yeye na Jenny mdogo wake. Jenny akasema ukweli akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Abbie akakana, na aibu hiyo akaibeba mpaka utu uzima. Wamekuja kupatana kwa taabu, kidogo kidogo, na kwangu mimi ile ndiyo ilikuwa hadithi bora kuliko mapepo yote ya Fox. Kumbe yote hayo, hospitali, msitu, aibu, Quantico aliyoiacha, yalikuwa usafiri wa bwana Crane.

Halafu cheo chenyewe cha shahidi kikahamishwa kama laini ya simu iliyopotea: unaenda kwa wakala, unarudishiwa namba ile ile, maisha yanaendelea. Msimu wa nne, Januari 2017, Crane yuko Washington, pembeni yake kuna afisa mpya wa usalama, Diana Thomas, na shahidi mpya ni Molly, mtoto wa Diana. Janina Gavankar, aliyemwigiza Diana, simlaumu hata kidogo, aliitwa kazini akaenda. Molly pia ni mtoto tu. Jenny bado yupo, anasaidia, na mimi kila nikimwona nilikuwa najiuliza huyu dada amepewa hata wiki ya matanga?

Dalili zilianza mapema, hilo lazima nikiri. Msimu wa pili uligeuka kesi ya ndoa ya akina Crane: mke mchawi, mtoto mwenye kinyongo, na Abbie pembeni anasubiri wamalize. Orlando Jones, Kapteni Irving wetu, bosi wa Abbie polisi, baada ya hapo akaondoka.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mchezo. Mtu mweusi akitokea kwenye filamu ya mizimu, dada yangu anasema "huyu hafiki", tunaanza kukadiria dakika. Dada yangu hapendi kabisa mambo ya kutisha, lakini Sleepy Hollow alikaa. Alikaa kwa sababu Abbie alifika. Kipindi kwa kipindi, alifika. Mwanamke mweusi, steringi wa tamthilia ya mapepo kwenye kituo kikubwa cha Marekani, mwenye akili, mwenye bastola, na asiyemchekea mtu bila sababu. Nitajieni wengine kabla yake. Msiniletee Bonnie wa Vampire Diaries, rafiki mchawi wa Elena, yule kazi yake ilikuwa kutokwa damu puani ili Elena aishi. Siku Abbie alipokufa dada aliinuka, akasema "nilijua", akaenda jikoni. Hajatazama tena.

Haya, mwenzangu wa kazini ana hoja yake, naitoa kwa shingo upande. Beharie kweli aliondoka. Mwaka 2020 alieleza mwenyewe kwamba aliugua, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Kwa maelezo yake, yeye na mwigizaji mwenzake waliumwa kipindi kimoja, mwenzake akaruhusiwa kurudi Uingereza kupumzika, yeye akabaki kupiga picha. Baadaye akapewa jina la msumbufu, na milango ya kazi ikafungwa. Tena watazamaji walikuwa wameshapungua kabla hajaondoka, nalo ni kweli.

Lakini mgonjwa ukimruhusu aende, ni lazima umzike? Quantico ilikuwepo tangu kipindi cha kwanza! Kufikia msimu wa tatu Abbie alikuwa tayari ni FBI. Mpeni uhamisho. Mpelekeni nchi nyingine akafukuze mapepo ya huko. Hii ni tamthilia ambayo Andy Brooks, polisi mwenzake Abbie, alivunjwa shingo kipindi cha kwanza akarudi kazini kama kawaida, na asiye na kichwa anapanda farasi. Kwa Abbie peke yake ndipo kifo kikakumbuka kuwa ni kifo. Mashabiki wakajaa Twita wakisema alistahili bora zaidi, na mimi nilikuwemo, usiku kucha, kwa bando la kukopa.

Fox waliifuta Mei 2017, ikiwa na watazamaji kama milioni mbili hivi. Beharie mwaka 2024 aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa The Morning Show. Msumbufu huyo.

Wanaoniuliza kama waanze kuitazama leo: anzeni, vipindi 13 vya msimu wa kwanza, kisha zimeni televisheni. Najua msimu ule unaisha Abbie ameachwa Toharani ili mke wa Crane atoke. Mwacheni huko huko. Toharani angalau aliweza kutoka.