Chuo cha Mezani

Charles W. Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikuwa akisema rafu ya futi 5 ya vitabu yamtosha mtu kuelimika, mradi asome dakika 15 tu kwa siku. Mwaka 1909 wachapishaji wakaanza kuitoa rafu hiyo. Dakika 15 hata mimi ninazo! Nikafungua chuo changu: mwanafunzi mimi, mhadhiri mimi.

Mtaala niliuchukua kwa wazee wa Ulaya ya zamani: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Sarufi niliiruka, eti naijua. Falaki inataka mtu akeshe akitazama nyota, na mimi na usingizi ni ndugu.

Kilichoniponza ni kitabu kiitwacho "Meno", cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Humo Socrates, mwalimu wake, anamwita kijana mtumwa asiyejua jiometri, anamchorea mraba wa futi 2 kila upande, kisha anamuuliza: tukitaka eneo mara mbili ya hili, upande uwe na urefu gani? Kijana anasema futi 4. Wapi! Eneo linakuwa 16 badala ya 8. Anajaribu 3, anapata 9. Socrates anazidi kuuliza tu, mpaka kijana anaona kwamba mraba mpya unasimama juu ya mstari unaokata wa kwanza kona kwa kona. Kufundisha kwa maswali matupu! Kazi hiyo naiweza.

Siku hiyo nilikuwa kwa dada. Nikamwita mpwa wangu wa darasa la tano, nikashika maka peni, nikachora mraba mezani na kuupaka wino wote, eneo lionekane vizuri. Nikauliza swali.

"Kata kona kwa kona, mjomba," akasema huku akitafuna.

Hilo kitabuni halikuwemo.

"Kosea kwanza," nikamwambia. "Sema futi 4."

"Lakini siyo."

"Wewe sema tu!"

Akasema, kwa kunihurumia. Nikachora mraba mkubwa pembeni, upande mara mbili, nao nikaupaka. Ukameza nusu ya meza.

Dada akaingia. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Meza hii ya nani?"

"Yako, dada."

"Wino huu unatoka kwa maji?"

"Hautoki."

"Aliyechora ni mtoto?"

"Siye."

"Kwa hiyo?"

Plato anadai elimu imo ndani yetu tangu kabla ya kuzaliwa, kuulizwa ni kukumbushwa tu. Nakiri, jibu lilinijia lenyewe. Na dada hajagusa hata ukurasa mmoja wa Plato.

Nikapewa spiriti na kitambaa. Mraba mdogo ulipotoka, mpwa wangu akavuta kiti, akakaa kama msimamizi wa mtihani.

"Mjomba, huo mdogo umekula robo saa. Huu mkubwa utakula muda gani?"

"Nusu saa," nikajibu.

Akatikisa kichwa pole pole.

"Jaribu tena."