Bi Harusi Yuko Ziwani

Siku hizi dagaa ananinunulia mtoto wa jirani. Mimi sokoni Kibirizi, hapa Kigoma, siendi. Kuna mama pale anauza samaki, migebuka, na ananidai. Si hela. Ananidai bi harusi.

Kwenye toleo la mwezi wa tatu la kijarida chetu nilianza hadithi ya kuendelea. Bi harusi katoroka usiku, kapanda mtumbwi na mtoto mgongoni (ndiyo, ana mtoto, ndiyo sababu ya kutoroka), ziwa limechafuka, maji yanaingia. Nikaandika "Itaendelea." Toleo lililofuata lilikuwa litoke mwezi wa sita. Mwezi wa nane mama akanikamata shati mbele ya wateja: "Mwanangu, huyo mtoto hata nguo mbichi hamjamvua?"

Nimwambie nini? Jarida la kubana pini kurasa zake zinakwenda nnenne, maana karatasi moja ukiikunja katikati inakupa kurasa 4, upende usipende. Mimi nilikuwa na 30. Nikamsubiri mshairi aliyeahidi beti nane za kujaza kurasa mbili zilizopungua. Baada ya wiki tano akaleta beti mbili, na ya pili vina vimegoma.

Halafu hela. Tangazo la nusu ukurasa nililipwa dumu la mawese, lita 20. Mawese mazuri, ya huku kwetu hasa, lakini mchapaji yuko Dar na anataka muamala. Nikazungusha dumu Mwanga nzima mpaka likaisha kwa vikombe. Hela ikatumwa, ndipo wimbo ukaanza: "Ipo kwenye mashine, kaka." Wiki tatu ipo kwenye mashine! Mashine ya kusaga? Siku moja nampigia, nyuma yake nasikia vigelegele. Yuko harusini. Bi harusi wangu anazama, yeye anawatunza wa wenzake.

Mwishowe mzigo ukapanda basi, ukashushwa Kasulu, kabla ya kufika kwetu, pamoja na magodoro ya watu.

Kijiwe cha kahawa sipiti pia. Nakala moja pale inasomwa na watu tisa. Aliyenunua kanyamaza. Wale wanane ndio wanataka hela yao irudi.

Lakini ninayemwogopa kweli ni mzee mmoja wa Ujiji, aliyelipia mwaka mzima mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Liko wapi?"

Nikajitetea kwa historia, maana anaipenda. Nikamwambia, mzee, mfuko wa barua za Livingstone ulifungwa Zanzibar Novemba 1870, ukamfikia hapa hapa Ujiji kwa mkono wa Stanley Novemba 1871. Mwaka! Mimi miezi minne tu unanitolea macho?

Akakohoa taratibu. "Livingstone alikulipa wewe?"

Nikatafuta jibu, sikulipata. Akaongeza: "Meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Miaka minane. Mimi nina 81. Piga hesabu."

Juzi boksi likafika, kona moja imelowa. Sikunywa hata chai. Nikachukua nakala, nikashuka Kibirizi mwenyewe, kifua mbele. Mama hakuwa na miwani, akamwita binti yake asome kwa sauti. Watu wakazunguka. Bi harusi anakumba maji kwa kanga, mtoto analia, taa inaonekana ng'ambo, wimbi linakuja kubwa kuliko yote... Nzi wamejiachia juu ya migebuka, hakuna anayewafukuza. Hata mimi nilisahau kwamba ni mimi niliyeandika.

Nilikumbuka binti alipofika chini ya ukurasa, akanyamaza, akanitazama.

"Soma basi," mama akasema. "Mbona umekata?"

Kurasa zilikuwa zimejaa jamani. Ningefanyaje? Binti anafungua mdomo kumwambia mama yake kilichoandikwa pale chini, mimi nishadandia bodaboda, hata nauli sijaulizia.