Mfumo mpya wa hospitali ujaribiwe kwanza na mtu mwenye ulemavu

Hospitali zetu zinapobadilisha utaratibu, watu wenye ulemavu hukumbukwa mwishoni. Jengo likishapakwa rangi ndipo mtu anauliza kiti mwendo kitapita wapi. Kompyuta zikishafungwa na watumishi wakishapigwa semina ndipo inagundulika kwamba mgonjwa kiziwi hasikii jina lake likiitwa. Nataka mpangilio huo ugeuzwe. Kabla utaratibu wowote mpya haujaanza kutumika, iwe hospitali ya rufaa au zahanati ya kijijini, ujaribiwe na watu wenye ulemavu wenyewe, kuanzia getini hadi dirisha la dawa.

Hatuzungumzii watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Mwishoni mwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema baadhi ya watu wenye ulemavu hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wenzao. Ulemavu wenyewe si maelezo ya kutosha. Ripoti hiyo ilitaja pia umaskini, ubaguzi na vikwazo vilivyomo ndani ya huduma za afya zenyewe.

Mdogo wangu wa kike ni kiziwi, na mimi ndiye ninayemsindikiza hospitali tangu mama aanze kusumbuliwa na miguu. Katika hospitali moja ya hapa jijini Mwanza tulizoea mafaili ya karatasi. Utaratibu ule ulikuwa wa taabu, mafaili yalipotea, lakini karani wa masjala alimfahamu. Faili lake likifikiwa, yule mama alimpungia mkono tu, basi, ameingia. Ukaja mfumo wa kompyuta. Majina yakaanza kuitwa kwa kipaza sauti. Anaitwa, haitiki, anarukwa. Kwenye kompyuta inasomeka hayupo, naye amekaa benchi la pili kutoka mlangoni, macho yakifuata mdomo wa kila muuguzi anayetoka.

Mkono ule wa karani haukuandikwa popote. Haukuwa kwenye mwongozo wala kwenye orodha ya kazi zake, kwa hiyo waliotengeneza mfumo mpya hawakujua kwamba wanauondoa. Hapo ndipo naona hatari kubwa ya mageuzi ya hospitali. Utaratibu wa zamani, hata uliochoka, umejaa misaada midogo ambayo watu waliibuni wenyewe baada ya kuzoeana kwa miaka. Mlinzi anajua bajaji ya nani aiache iingie mpaka mlango wa mapokezi. Mhudumu anajua mzee asiyeona ashikwe mkono upande gani. Inatoka amri kwamba bajaji zote ziishie nje ya geti ili kupunguza msongamano. Amri nzuri kabisa, ila mtu asiyetembea sasa anabebwa mgongoni kupita kokoto. Aliyeitoa hakukusudia hayo. Hakukuwa na mtu mezani wa kumwambia.

Na mtu huyo hadi afike getini ameshapita mengi. Jiji letu limejengwa juu ya mawe. Ukiishi juu kule Mabatini au Igogo, kushuka hadi barabarani peke yake ni shughuli ya watu wawili wenye nguvu. Wa Ukerewe anaisubiri meli Nansio. Wa Sengerema amepata nafuu, maana tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi linamvusha kilomita 3 za ziwa bila kusubiri kivuko. Nchi imeweza kujenga daraja hilo. Njia laini ya kiti mwendo kutoka getini hadi mapokezi haiwezi kutushinda.

Narudi kwa mdogo wangu, kwa sababu kuna jambo zito kuliko foleni. Tulipoingia ndani, daktari aliniangalia mimi. "Muulize hedhi yake ya mwisho aliiona lini." Kisha, "Ana mwenzi? Wanatumia kinga?" Nikatafsiri kwa mikono yangu, mimi kaka yake. Alinijibu huku anaangalia sakafu, na maswali mengine hakuyajibu kabisa. Ni mwanamke mtu mzima, ana cherehani yake na wateja wake Kirumba, lakini siri za mwili wake zinalazimika kupita kwangu. Yale asiyoyajibu daktari aliyahitaji ili amtibu. Daktari yule alikuwa mpole na alikuwa amechoka. Hakupewa njia nyingine.

Wanaosomea uongozi hufundishwa nadharia ya mwanasaikolojia Kurt Lewin, ya mwaka 1947, kwamba mabadiliko hupita hatua tatu: kuyeyusha mazoea ya zamani, kubadilisha, kisha kugandisha mazoea mapya. Sisi tunafanya ile ya katikati peke yake. Waraka unakuja, semina inafanyika, picha zinapigwa. Baada ya miezi michache, muuguzi aliyejifunza lugha ya alama anahamishiwa Kwimba, na lugha ya alama imehama naye. Kama ujuzi huo haukuandikwa kwenye majukumu ya kitengo, na hakuna wa pili aliyefundishwa, hospitali imerudi pale ilipokuwa.

Watumishi nawaelewa. Kila mradi unaoingia unakuja na rejista yake. Muuguzi yuko peke yake zamu ya usiku, wodi imejaa, halafu unamwambia kesho unaanza utaratibu mpya wa kuhudumia wenye ulemavu. Anasikia neno moja tu, kazi imeongezeka. Ndiyo maana nadhani mageuzi haya yaanze kwa kumpunguzia mzigo. Kuna maswali mafupi sita yanayotumika katika sensa za nchi nyingi, yanayohusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Yaulizwe mara moja mgonjwa anapoandikishwa, na majibu yamfuate kwenye kompyuta hadi maabara na duka la dawa. Anayefungua ukurasa wa mgonjwa aone hapohapo kwamba huyu ni kiziwi, anasoma Kiswahili, mwonyeshe namba yake kwa maandishi. Hakuna atakayepoteza muda kumwita mtu asiyesikia.

Mengine hayahitaji hata kompyuta. Wenye ualbino, na Ukerewe wapo wengi kwa miaka mingi, ngozi yao haina kinga dhidi ya jua na saratani ya ngozi huwaanza mapema. Kuwapanga foleni uwanjani saa sita mchana, wakisubiri kliniki ya ngozi, ni kuwaumiza kwenye mlango wa matibabu. Hamisha benchi hadi kivulini, au wape miadi ya asubuhi na mapema. Hilo mganga mfawidhi anaweza kuliamua leo kabla ya chai.

Yanayohitaji fedha ndiyo yanayohitaji ubishi. Katika halmashauri, kisichoingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya, yaani mpango wa mwaka wa huduma za afya wa halmashauri, hakipati senti, hata kila mtu akikiri kwamba ni muhimu. Mwaka wa fedha huanza Julai, na mpango huandaliwa miezi kadhaa kabla. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo waganga wakuu wa Nyamagana, Ilemela na Ukerewe hawana haja ya kuuliza wawapate wapi. Waiteni wakati rasimu ingali rasimu. Aje kiziwi pamoja na mkalimani, aje anayetumia kiti mwendo, aje asiyeona, aje mwenye ualbino. Wapitisheni hospitalini siku ya kawaida, foleni ikiwa ndefu, na kila wanapokwama paandikwe pamoja na gharama ya kupatengeneza. Na posho ya mkalimani iwe mstari wake kwenye bajeti, mwaka hadi mwaka, asitegemee hisani ya mradi wala ndugu wa mgonjwa.