Jameni, mimi bado niko hai

Wale mnaniandikia "pole kwa familia" tangu jana, asanteni sana, lakini mimi mzima, niko hapa Manyatta, Kisumu, nakula nyoyo (watu wa Pwani msishtuke, huku nyoyo ni mahindi na maharagwe). Kuna jamaa wa Nyalenda tunakaa naye dawati moja ameshasambaza voisi noti ati Mama alizimia. Mama hakuzimia. Aliangusha chupa ya chai tu.

Ilikuwa siku ya wazazi, Alhamisi kabla tufunge. Madam wa Kizungu akachagua watu watatu tueleze mbele ya wazazi tumefika wapi na hio somo yake. Mimi nilitoka D nikafika C+, na msidharau, karatasi ya kwanza ya Kizungu kwa KCSE (ule mtihani wa mwisho wa sekondari) ina alama 60, zile 10 za kujaza mapengo ndio zilikuwa zinanizika, muhula wa kwanza nilipata 2, juzi nikapata 8. Madam akasema tutumie vile vitenzi vya maneno mawili mawili, pass by, pass out na ndugu yao pass away. Siku ya yule ndugu wa mwisho mimi nilikuwa nimetumwa nyumbani karo. Lakini nikajiambia, pass ni kupita, away ni mbali, sasa hapo kuna ugumu gani? Nimepita mbali!

Tai nimeazima, maiki nimeshika. "Dear parents, last term I was weak." Wazazi wakatikisa vichwa kwa huruma. Nikavuta pumzi, nikatabasamu. "Today I am happy to tell you that I have passed away."

Kimya. Ile feni ya ukumbi, nikaskia inavyozunguka, kwii, kwii. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akavua kofia polepole, mimi nikadhani ni heshima ya C+. Huko nyuma Mama akasimama, mkono kifuani. Mama Kizungu chake si kingi lakini hayo maneno ya mtu amefariki anayajua vizuri, si mnajua vile matanga huku kwetu ni kila wikendi. Mtu mwenye akili angeketi hapo. Mimi nikaona labda maiki iko chini, nikaisogeza mpaka ikagusa meno: "I have passed away COMPLETELY! And next term, with God's help, the whole class will pass away!"

"Ashindweee!" Wazazi wote, kama wamefanya mazoezi. "Uwiii!" Huyo ni Mama, na chupa ikaenda chini, chai ikatembea mpaka kwa viatu vya naibu mwalimu mkuu. Halafu yule jamaa wa Nyalenda, Mungu anamwona, akaanzisha wimbo wa kuaga maiti kwa sauti ya besi, na darasa lote, hao hao nilikuwa nimewaombea kifo, wakaitikia.

Madam alicheka mpaka akatolewa nje, nikapewa sentensi hamsini za likizo, chupa ya Mama naidaiwa, basi. Sahii hata bawabu wa geti ananiita Marehemu. Na nimeskia jamaa amefungua grupu ya mchango wa mazishi, iko na 140 ndani. Itumeni kwa namba yangu, marehemu anataka chapo.