Inalala Watu Kumi, Wakikubali Kutopumua

Hebu mnisaidie kuelewa jambo moja. Yule anayeandika kwenye matangazo ya matrela ya kambi, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari, kwamba "linalala watu kumi", hao kumi aliwaona wapi? Maana mimi kumi ninao nyumbani na nawajua kwa majina. Kuna mimi, mama watoto, watoto saba, na mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea na bado anatutembelea. Tukijinyoosha wote kwa pamoja sebuleni, mlango haufunguki. Sasa mtu anataka kutuingiza kwenye sanduku la mita 8 na bado anadai amebakiza nafasi ya jiko, sinki, choo na "eneo la mapumziko". Mapumziko ya nani?

Mambo ya kambi yalitengenezwa kwa ajili ya watu wawili na mbwa. Tazama picha yoyote ya tangazo: mume, mke, viti viwili vya kukunja, mbwa anacheka. Ukiwa na watoto wawili unaitwa familia. Ukiwa na saba, muuzaji anakuuliza kama mmetoka shule gani.

Najua mtaniuliza kwa nini tusilale kwenye mahema kama wenzetu. Tumelala. Mahema matatu, mvua moja. Mama mkwe alitoka mle akiwa ametambaa kwa magoti usiku wa manane kutafuta choo, akasimama, akatoa tamko kwamba yeye hatambai tena mpaka kufa. Ndipo habari ya gari ilipoanza.

Kilichotutia tamaa kwanza ni ile nyumba yenye usukani. Unaendesha huku kitanda na choo viko nyuma yako, nani hataki? Muuzaji akatuonyesha: wawili wanalala juu ya dereva, wawili nyuma kabisa, meza inageuka kitanda, sofa inageuka kitanda, ukikaa vibaya na wewe unageuzwa kitanda. Watoto wakashangilia. Nikauliza mikanda ya usalama iko mingapi. Akakohoa. Sita. Yaani usiku tunalala wanane, mchana tunasafiri sita. Hao wawili wengine wakishaamka wanakwenda wapi, wanatangulia kwa miguu? Na sisi ni kumi, kwa hiyo ni msafara kabisa. Kumbe siri yenyewe ni nyepesi: kitanda ni mbao na godoro, fundi anakichomeka popote, lakini kiti cha kusafiria lazima kishikwe na bodi la gari kisawasawa na mkanda wake uhimili ajali. Ndiyo maana vitanda vinaandikwa kwa herufi kubwa, mikanda mpaka uulize.

Tukahamia kwenye lile trela kubwa ambalo shingo yake inapanda mgongoni mwa pikapu. Hapo nilikaribia kulia kwa raha. Ndani kuna ngazi, chumba cha wazazi chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo (narudia, kwa ufunguo), chumba cha nyuma chenye vitanda vya deka vinne, na ukuta mzima unaosogea nje ukibonyeza kitufe. Halafu nikageuka kuitazama pikapu yenyewe. Viti vitano, sita mkibanana. Nyumba ya watu kumi inavutwa na gari la watu sita! Na msiniambie waliobaki wakae ndani ya trela safarini. Nchi nyingi ni marufuku, na hata pasipokatazwa, siwezi kuwafungia watoto na bibi yao kwenye chombo kisicho na mkanda hata mmoja halafu nikakate kona.

Lile la kufunguka, lenye kuta za turubai, lilikuwa jepesi na bei yake ilikuwa na huruma. Lakini turubai likilowa lazima uje ulifungue tena nyumbani likauke, la sivyo linaota ukungu. Na kuta za turubai hazizuii sauti. Mama mkwe anakoroma. Nimemaliza.

Basi tukabaki na trela la kawaida la kuvuta, lile lenye deka za watoto kwa nyuma. Tukapata moja lililotumika. Muuzaji, kijana mchangamfu sana, akaanza wimbo wake: "Hili bosi wangu linalala kumi bila shida." Nikamwambia vizuri, tutaona. Nikawaamuru wanangu: kila mtu apande alale mahali pake, na bibi yenu mpisheni.

Ingekuwa vizuri mngemwona yule kijana. Nadhani hajawahi kuona mtu akilichukua tangazo lake kwa uzito namna ile. Wadogo wanne wakajaa kwenye deka, kelele tupu. Wa tatu akasoma kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa kitanda cha juu, kisizidi kilo 70, akashuka haraka huku akimtazama kaka yake. Huyo kaka yake, kifungua mimba wangu, ana urefu ambao sijui aliutoa upande gani wa ukoo. Kitanda chake ndiyo ile meza: unaishusha, unapanga mito juu yake, unalala. Alilala. Magoti yakagusa kabati la jiko, kichwa kikagusa mlango wa choo. Kwa maana hiyo asubuhi hakuna kifungua kinywa mpaka meza iamke, na mwanangu akiwa likizoni huamka saa saba mchana. Na usiku anayetaka choo lazima kwanza amwombe ruhusa kichwa.

Mimi na mama watoto tulipewa kitanda cha mbele, kizuri, ila upande wangu umebanwa na ukuta, kwa hiyo nikitaka kutoka nampanda mke wangu kama mwizi anayeruka ua. Mama mkwe akapata sofa. Ukihesabu, kweli tulilala kumi. Hakuna aliyeweza kugeuka, na mlango wa nje ulikuwa umezuiwa na miguu, lakini kumi walitimia, na kijana akasema, "Si unaona?"

Nikauliza habari za maji. Hita ya maji ya moto ina lita 22. Gawanya kwa kumi: lita mbili na kidogo kila mmoja, halafu usubiri yachemke tena. Binti yangu wa pili huwa anatumia hizo akiwa bado anapima kama maji yamepata moto. Tangi la choo sikuuliza ujazo wake, niliuliza nani analimwaga. Familia nzima ikapata ghafla jambo la kutazama dirishani.

Hapo ndipo mama mkwe alipoinuka kwenye sofa akanusa. Akanusa tena. Akaenda kwenye kona ya nyuma, chini ya dirisha, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Akakiacha hapo hapo, akamgeukia muuzaji: "Mwanangu, huu ukuta umeoza." Kijana akasema ni unyevunyevu wa hali ya hewa tu. Mama mkwe akamjibu kwamba hali ya hewa iko nje, huku ni ndani. Bei ikashuka palepale bila mimi kufungua mdomo. Hata hivyo hatukulichukua, maana maji yakishaingia kwenye mbao za kuta unanunua uyoga wenye magurudumu. Nilijifanya na mimi mjuzi, nikainama kwenye tairi. Kashata za tairi zilikuwa mpya kabisa, ila ubavuni kulikuwa na namba nne za mwisho, 2313. Maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2013. Trela hukaa limeegeshwa, tairi haliliki, linazeeka tu kimyakimya. Nikasimama taratibu kwa heshima ya mgongo wangu.

La pili tulilopenda lilikuwa kavu, lina deka nzuri na meza ndefu zaidi. Nikafikiri mateso yameisha. Kumbe yalikuwa yanasubiri hesabu.

Gari langu ni lile basi dogo la viti tisa. Nchi za Umoja wa Ulaya leseni ya kawaida, daraja B, inakomea hapo hapo: abiria 8 na dereva wao. Mtu wa kumi hakuna anayemfikiria popote. Lakini tulishazoea kubishana nani abaki, nikasema hilo tutalimaliza wenyewe. Kijana (huyu mwingine, ila wimbo ni ule ule) akaniambia, "Gari lako linavuta kilo 3,500 bosi, trela ni 2,300, unaondoka na chenji." Nikauliza hizo 2,300 ni pamoja na nini. Ni pamoja na hewa. Maji hayamo, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa lita 150 umempakia mtu mzima na nusu ambaye hachangii mafuta. Mitungi ya gesi haimo, magodoro ya ziada hayamo, masanduku ya binti zangu hayamo. Tukapiga jumla, zikafika kilo 3,000.

Sawa, bado ni chini ya 3,500. Ila trela halivutwi tu, linaegemea pia. Marekani wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikae pale linapofungwa nyuma ya gari. Chukua 10, ndogo kabisa: kilo 300, na hizo zinahesabiwa kuwa mzigo wa gari, sawa na abiria. Ukifanya ujanja wa kuhamishia mizigo nyuma ili shingo iwe nyepesi, trela linaanza kuyumba kwenye mwendo na linaweza kulipindua gari. Nilishafikiria ujanja huo kabla sijaambiwa.

Nikafungua mlango wa dereva, nikasoma kibandiko: watu na mizigo visizidi kilo 700. Toa 300 za trela, zimebaki 400. Mimi kilo 88. Watoto saba niliwapandisha kwenye mzani mmoja mmoja, jumla 260. Nikatoa, nikarudia kutoa nikidhani nimekosea. Kimebaki kiti kimoja na kilo 52, na wanawake wawili wananitazama.

Kwenye karatasi niliandika majina yao, na mbele ya kila jina nikaweka kistari. Mama watoto akainama begani kwangu. "Hiki kistari ni nini?" Nikasema ni nafasi ya maelezo. "Maelezo gani, baba?" Nikasema ya safari. Akaniangalia kwa muda ambao ndoa hupimwa, halafu akaniambia mzani niurudishe bafuni ulikotoka.

Suluhisho alilileta yeye mwenyewe: tuende na magari mawili. Yeye ataendesha lile gari letu lingine dogo, achukue watoto watatu na mama yake, na mimi nivute trela na wanne waliobaki. Nikapiga hesabu upya. Kilo zinatosha, viti vinabaki, hata sanduku la binti wa pili linapata nafasi. Tena nitaendesha kimya kimya, hakuna wa kuniambia punguza mwendo, ongeza mwendo, huoni taa. Nikasema jamani, kumbe familia kubwa inawezekana! Nikasaini.

Jana tumelifunga trela kwa majaribio, nikajifunza kurudi nyuma. Unataka kitako cha trela kiende kushoto, usukani unaukata kulia, na watu tisa wanakuelekeza kwa mikono kumi na minane. Ua la jirani tutalipanda lingine. Nilipomaliza nikafungua mlango wa mbele, nikamkuta mama mkwe ameshakaa kiti cha abiria, ana mto, ana chupa ya maji na begi miguuni ambalo halikunyanyuka nilipolijaribu.

"Mama, wewe si uko gari lile?"

"Kule hakuna shida, mwanangu anajua kuendesha," akasema. "Nitakaa huku nikuangalie wewe."

Nimechukua tena karatasi yangu. Nimefika kwenye kile kistari, nimeshika kalamu, na yeye ameshafunga mkanda, ananiuliza naandika nini.