Haina kipengele, ni kuwasha na kuondoka

Nimeingia ndani sasa hivi, viatu sijavua, kiwiko cha kulia kina rangi nyeusi ambayo haitoki na masikio yanalia nyiiiii kama redio iliyokosa stesheni. Mama watoto kaniangalia mara moja tu, kauliza "umenunua?" Nikamwambia niletee maji kwanza. Akasema "basi hujanunua", akarudi jikoni. Huyu mwanamke angekuwa fundi wa magari mimi leo ningekuwa mbali sana.

Natafuta pikapu. Dabo kabini. Huu ni mwezi wa nne natafuta. Na wala sitaki makuu jamani, nataka milango minne ili familia ikae ndani kama watu na bodi nyuma ili mzigo ukae nje kama mzigo, kwa sababu kwenye hii gari ndogo yangu tumeshachanganya, juzi nimebeba mabomba ya maji yamepita katikati ya viti, mwanangu wa pili kayakumbatia njia nzima, ncha zinachungulia dirishani, na trafiki alivyotuona hakutusimamisha, alitikisa kichwa tu akageukia upande mwingine. Ukifika hatua trafiki anakuonea huruma ujue umeisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba ushauri. Ukitaka kujua una ndugu wangapi sema unatafuta pikapu. Shemeji yangu ni muumini wa Hilux, nilipouliza kwanini akanijibu "ile gari ipo tangu 1968, wewe ulizaliwa lini?" Sasa hilo ni jibu la gari au ni la kunitukana? Af usidhani watu wa Hilux wako kitu kimoja, hapana, wana madhehebu, kila dhehebu na injini yake. Kuna wa 5L, hao wanasema haina tabo (ile ya kusukumia hewa kwenye injini), haina kompyuta, spana mbili na bisibisi umefika. Kuna wa 1KD, lita tatu ya D-4D, hao wanatembea na tarehe ya kubadili mkanda wa taimingi kichwani kama birthday. Kuna wa 1GD ya kuanzia 2015 ambao wanawacheka wa 1KD kwa sababu wao wana cheni badala ya mkanda. Kazini kuna mzee mmoja wa Isuzu D-Max, yeye hapigi kelele, anakusogelea taratibu anakutajia jina la injini yake, "4JJ1", kwa sauti ya chini, anaangalia nyuma, anaondoka. Yupo na kijana wa Ranger, ile ya 3.2, kila ukikaa naye anakukumbusha ina silinda tano. Tano! Nimemuuliza ya sita iko wapi hajanijibu mpaka leo. Na yupo yule wa kila kijiwe, "chukua Land Cruiser 79 ulale usingizi", na kweli sibishi, dabo kabini yake ilikuja 2012, ukiipata yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo, ile injini haina haraka na haina habari ya kufa, lakini mzee mimi figo ninazo mbili tu na zote nazitumia.

Halafu gari mpya mpya nazo zina mambo yao. Nozeli za siku hizi zinapuliza dizeli kwa presha ya baa 1,600 na kwenda juu, tone la maji kwenye tenki umeshalia. Zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi ambalo linataka uende safari ndefu lipate moto lijichome lijisafishe, sasa mimi safari yangu ni kazini na kurudi, hilo chujio litajisafisha saa ngapi, nikiwa kwenye foleni?

Lakini nikwambie kitu nilichojifunza kwa machungu, hawa wote wanabishania jina la injini na hakuna anayeniambia kwamba pikapu ya mkononi unanunua maisha ya watu wengine. Gari ndogo ikiwa imeteswa sana imepelekwa harusini. Pikapu, kiwanda kimeandika tani moja, mwenye gari kasoma tani moja kwa kila tairi. Ndiyo maana nazikagua kama ninaoza binti.

Ya kwanza niliyoenda kuiona ilikuwa safi kabisa isipokuwa namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi 17, palikuwa pameparuliwa peupe na mwenyewe akaniambia hilo dogo, tutaandika tu. Ya pili taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka, nikafurahi, fundi akaniambia ukigeuza funguo lazima iwake kwanza ndiyo izime, hii haiwaki kabisa, wameitoa balbu. Ya tatu sitaki kuiongelea, ilikuwa na ukuta wa puti mlangoni mpaka sumaku ya fundi, ambayo inashika bati tu, ikaanguka chini mara tatu.

Sasa ya leo.

Tangazo: "Dabo kabini ya 2007, haina kipengele, ni kuwasha na kuondoka, injini haijaguswa, kilomita 87,000, mmiliki mmoja." Aina yake sitaji, gari haina kosa lolote, makosa ni ya binadamu. Jana usiku nikampigia dalali nikamwambia kaka, ombi langu ni moja, nataka niikute injini ya baridi. Akasema "bosi wangu, utaikuta baridi mpaka uionee huruma."

Tumefika mimi na fundi saa nane mchana. Gari iko chini ya mti mkubwa, kivuli cha kutosha, na chini ya gari kuku amelala. Nikavaa uso wa mtu aliyewahi kumiliki pikapu saba, nikazunguka mara moja mikono nyuma, nikaweka kiganja kwenye boneti. Inaunguza. Nikamwangalia dalali. Dalali akasema "jua hilo bosi." Nikaangalia juu, majani. Nikaangalia chini, hata kuku alikuwa ameshafungua jicho moja. Nyie si mnajua, dizeli iliyochoka unaijua asubuhi ikiwa ya baridi, ndiyo inakohoa na kutikisika na kukutolea moshi, ukiipasha kwanza inawaka kama mpya. Fundi hakusema kitu, akavua kofia akaiweka kwenye saitimira, hiyo ni alama yake kwamba sasa kazi imeanza.

Mimi nikaingia ndani. Usukani unang'aa kama kipara. Nikainama kuangalia pedeli ya breki, mpira umelika mpaka chuma kimetokeza, na siyo kimetokeza tu, kuna shimo dogo la mahali lilipokuwa linakaa dole gumba la mtu. Kilomita 87,000. Nikamwita, kaka hebu njoo uone hapa. Akachungulia kwa heshima zote akasema "dereva wake alikuwa anapenda sana breki."

Fundi yuko chini ya gari sasa anagonga chasisi na spana, ti, ti, ti, ti, anasogea, ti, ti, ti. Pu.

Kimya.

Nikasema rudia hapo. Pu.

Dalali: "hapo ni kwenye tenki ya mafuta." Sauti ya fundi ikatoka chini huko: "tenki iko upande huu nilikoegemea." Nikavua shati la heshima nikaingia na mimi, na ndiko nilikopata hii rangi ya kwenye kiwiko, yaani gari ya 2007 chini imepakwa rangi nyeusi jana, bado mbichi, fundi akachokoa kidogo kwa kucha likadondoka kipande cha kutu ukubwa wa sahani, na ndani ya chasisi mnaonekana nuru. Kuku naye akatoka akahama kabisa.

Tukawasha. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akakigeuza akakilaza tu juu ya tundu lake. Kikaanza kucheza. Kikaruka kikaanguka, na pale kwenye tundu ukatoka moshi pu pu pu kama treni, maana yake ringi zimekwisha, moto wa kwenye silinda unapita unashuka chini. Dalali akatabasamu: "inapumua bosi, kitu kizima lazima kipumue." Nyuma bomba linatoa moshi wa bluu. Nyeusi ningesamehe, ni dizeli imezidi hewa, pengine chujio chafu. Nyeupe isiyokwisha ningeogopa gasketi. Bluu ni oili inaungua, hakuna mjadala. "Ni moshi wa asubuhi tu," dalali huyo, saa nane na nusu mchana.

Hapo mtu mwenye akili anaaga. Mimi nikasema tuijaribu barabarani.

Nikakaa nyuma makusudi, watoto ndiko watakakokaa. Aisee dabo kabini wamegawana nafasi na bodi, sasa bodi imepunguzwa inabaki mita moja na nusu hivi, na binadamu wa nyuma naye kapunguzwa, mgongo wa kiti umesimama wima kwa sababu nyuma yake ni ukuta, unakaa kama mshtakiwa anayesubiri hukumu, magoti yako kifuani. Nikajikunja hivyo hivyo. Tumekwenda kama kilomita tatu, gia ya tatu inaingia ikitaka, nikasema haya tujaribu foo-wili. Dalali akasita. "Hiyo bosi haijawahi kuguswa." Fundi akasema ndiyo vizuri, ngoja tuiguse, akaomba gari isimame, akashika ile gia ndogo ya pembeni akaivuta mpaka 4L, ile ya chini kabisa ya kujinasua kwenye tope.

Ikaingia vizuri. Kutoka ndiyo haikutoka.

Alivuta fundi, akavuta dalali, wakavuta wote wawili, tukarudi nyuma kidogo, tukaenda mbele kidogo, nikapitisha mkono kutoka nyuma na mimi nikavuta, gia imetulia kama imejengewa. Basi tukarudi hivyo hivyo. Kilomita tatu. Injini inalia kama ndege inataka kuruka na mshale wa spidi hautaki hata kunyanyuka. Tumepitwa na baiskeli. Tumepitwa na kijana anasukuma toroli la matofali, akatuangalia akaongeza mwendo. Tukamkuta bibi mmoja na mkongojo wake kwenye mteremko, nikamwamkia dirishani shikamoo bibi, marahaba, habari za nyumbani, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, na mama yao, mzima, na kazi, tunashukuru, akamaliza maswali yote na bado tuko naye sambamba. Mwishoni akaniuliza kwanini siteremki tu nikatembea.

Na dalali anaendesha anatabasamu. "Unaisikia nguvu hiyo bosi? Hapa unapanda ukuta." Nikamwambia mimi sipandi ukuta! Mimi narudi nyumbani kwangu! Nina watoto watatu watakaa hapa nilipokaa na magoti yao haya, chini yao chasisi ina tundu naona barabara, na wewe umelipaka rangi jana usiku baada ya kuongea na mimi kwenye simu, umekaa chini hapo na brashi unapaka, hukufikiria kitu? Gari zima likawa kimya, isipokuwa injini. Hata mimi nilijishangaa maana nilikuwa nimeanza siku na heshima zangu. Akaendesha kama mita mia hivi, tulichukua muda, halafu akasema taratibu bila kugeuka, "kwa hiyo bosi, tupunguze kidogo?"

Sina hamu. Na hapa nilipokaa simu imeita mara mbili, ya kwanza shemeji, nikajua anauliza habari ya gari, kumbe anauliza itafika lini kwa sababu Jumamosi anahama, ana vitanda viwili, friji na sofa ya kona, keshaongea na wapakiaji. Nikamwambia shemeji gari sina. Akasema sawa, basi Jumapili. Jirani naye ana kabati lake nimeambiwa nisilisahau. Mchungaji kaniulizia kuhusu spika. Yaani pikapu bado sijaiona na mafuta yameshanunuliwa kwa hela yangu, na mtu akiazima pikapu yako huwa anairudisha sindano ya mafuta imelala chali na bodi imejaa mchanga, hajawahi kufagia mtu.

Simu ya pili ni fundi. Spana yake namba kumi haipo. Anasema aliiacha juu ya chasisi wakati tunatoka chini ya gari, na bila namba kumi kesho hafanyi kazi, nimpigie mimi kwa sababu yeye hana namba ya dalali. Nimempigia. Dalali kapokea haraka haraka na furaha yote, "bosi wangu! nilijua utarudi!" Nikamweleza habari ya spana. Akasema ameiona, anayo, ndiyo anayoitumia hapo kujaribu kuitoa ile gia, ila anaomba kesho tukija kuifuata tuje na nyundo.